Sioni Kidonda: Mafunzo Niliyopata Owino Kuhusu Tumbo

Nauza nguo za watoto Owino, soko la Kampala ambalo kwenye karatasi za serikali linaitwa St. Balikuddembe. Nilitoka Bukoba nikiwa msichana. Kwa miaka sita tumbo langu lilisokota karibu kila asubuhi, na zaidi siku ya kufungua belo jipya la nguo.

1. Si kila tumbo linalouma lina kidonda

Pale sokoni maumivu yote ya tumbo yana jina moja: alusa, yaani vidonda vya tumbo. Ukijishika tu, jirani wa kulia anasema alusa, wa kushoto anakuelekeza duka la dawa. Nilimeza vidonge vya kupunguza asidi, nikameza na dozi za kuua bakteria wa tumboni, mara tatu, bila kupimwa. Bakteria huyo, Helicobacter pylori, yupo kweli na huleta vidonda kweli. Daktari Barry Marshall wa Australia alimnywa mwaka 1984 ili athibitishe kuwa anadhuru tumbo, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Lakini mimi sikuwa naye. Nilipopimwa choo hatimaye, kisha nikameza mpira wa kamera, daktari alisema, "Mama, sioni kidonda." Nililia pale kitandani, maana nilisikia ananiambia kuwa najisingizia.

2. Kisichoonekana kinaweza kuuma

Daktari wa pili ndiye aliyeketi akanieleza. Utumbo una mishipa yake ya fahamu, na mishipa hiyo na ubongo hupeana habari mchana na usiku. Habari zikivurugika, gesi ya kawaida huchoma kama kisu, na misuli husukuma chakula mbiombio au hukilaza. Hapo hakuna jeraha la kupigwa picha. Tangu mwaka 2016 wataalamu wa Rome Foundation, wanaoweka vigezo vya maradhi haya, wameyaita matatizo ya mawasiliano kati ya utumbo na ubongo. Nilikumbuka belo. Unalinunua limefungwa, kwa pesa ya mkopo, hujui ndani kuna nguo au matambara, na tumbo linajua hofu hiyo kabla hujakata kamba.

3. Tuko wengi kuliko tunavyosema

Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa nchi 33, watu zaidi ya 73,000. Waliojaza maswali kwa intaneti, wanne kati ya kumi walikuwa na angalau tatizo moja la aina hii. Waliohojiwa nyumbani kwao, uso kwa uso, ni wawili kati ya kumi. Ghana na Nigeria zilikuwa kwenye kundi hili la pili, na Uganda haikushiriki kabisa. Watafiti wana maelezo yao kuhusu pengo hilo. Mimi naona pia aibu yetu: nani atamweleza mgeni aliyekaa sebuleni kwake kuhusu choo chake? Wanawake walionekana kuugua zaidi kuliko wanaume, na nilipowauliza wenzangu wa mstari wetu sikushangaa. Mmoja hufunga choo siku nne. Mwingine hali chochote mpaka jioni asije akaharisha mbele ya wateja. Tumepakana meza miaka yote hiyo na hatukuwa tumeambiana.

4. Chakula kinahusika, ila si kwa kila mtu namna moja

Hili lina historia hapa hapa Kampala. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi hospitali ya Mulago, na baadaye, mwaka 1972, yeye na wenzake walichapisha vipimo vya muda ambao chakula hukaa mwilini. Kwa wanakijiji wa Uganda ulikuwa chini ya saa 40. Kwa wanafunzi wa bweni wa Uingereza ulizidi saa 70. Alisema siri ni nyuzinyuzi za vyakula vya shambani. Wanakijiji wale hawakuwa wakishinda kwa chapati na soda kama sisi. Nilirudia chakula cha bibi yangu kwa pupa, na maharage yakanijaza gesi nikavimba kama ngoma. Viazi vitamu na papai vilinipokea vizuri, kidogo kidogo.

5. Zipo dalili zisizosubiri

Damu kwenye choo, choo cheusi kama lami, kukonda bila sababu, chakula kukwama kooni, kuishiwa damu, au maumivu mapya yanayoanza ukiwa na umri mkubwa: hizo ni za hospitali, leo. Naogopa neno "mawasiliano" lisije likageuka alusa ya pili, jina la kufunikia kila kitu. Mimi nilipimwa kabla ya kupewa jina hilo.

6. Kubana choo ni ugonjwa tunaojipikia

Choo cha soko ni cha kulipia, kiko mbali, na ukiacha meza unaacha mtaji. Kwa hiyo tunabana mpaka mwili unachoka kuita. Siku hizi dada wa meza ya pili akisimama tu, nasogea katikati ya meza zetu mbili na kuuza zote. Hanielezi anakwenda wapi. Nami nikisimama, yeye husogea.