Virusi vya ukimwi na sheria: mkazi anafaa kujua nini

Je, mtu mwenye virusi vya ukimwi (VVU) anaweza kufungwa jela kwa sababu hakumwambia mwenzake? Swali hili lina majibu mawili, kwa kuwa mwaka wa 2006 Kenya ilipitisha sheria mbili zinazoligusa.

Ya kwanza ni Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na Ukimwi. Kifungu cha 24 kilimtaka anayejua ana virusi amwarifu kila anayeshiriki naye mapenzi, la sivyo ashtakiwe. Tarehe 18 Machi 2015 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikibatilisha: maneno yake hayakuwa wazi, nacho kilikiuka haki ya faragha.

Ya pili, Sheria ya Makosa ya Kingono, ingalipo. Chini ya kifungu cha 26, anayeambukiza mwingine kwa kukusudia hufungwa miaka isiyopungua 15, hata maisha. Si lazima maambukizi yatokee. Kitendo kinachoweza kuyaleta kinatosha. Kifungu hicho kilipingwa kortini, lakini Desemba 2022 Mahakama Kuu ilikataa ombi hilo.

Hapa kina mama ndio huumia zaidi. Mjamzito hupimwa anapoanza kliniki, huku mumewe pengine hajawahi kupimwa. Akirudi nyumbani na majibu, yeye ndiye huitwa aliyeleta ugonjwa. Lakini kujua kwanza si kuambukizwa kwanza, na kipimo cha kliniki hakionyeshi nani alimwambukiza nani.

Tena, anayemeza ARV kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo, na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Utafiti uliothibitisha hilo ulitoka baada ya sheria hizi kuandikwa.

Hofu ya kuonekana kwenye foleni ya dawa humfanya mgonjwa wa Naro Moru apande matatu hadi Nanyuki au Nyeri mjini. Nauli ikikosekana, dawa hukosekana. Sheria ile ya kwanza inamlinda: majibu yake hayatolewi bila idhini yake ya maandishi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Pia hairuhusiwi kumlazimisha mtu apimwe ndipo aajiriwe, atibiwe, aandikishwe shuleni au afunge ndoa. Naam, hata harusi ya kanisani.

Serikali yenyewe imewahi kurudishwa nyuma. Februari 2015 iliagizwa kwamba takwimu za wanafunzi wanaoishi na virusi zikusanywe pamoja na majina yao. Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba.

Aliyefukuzwa kazi au kutangazwa hali yake anaweza kulalamika kwa Jopo la VVU na Ukimwi lililoko Nairobi, ambalo lina uwezo wa kuamuru alipwe fidia. Kesi za jinai haziendi huko. Hizo hubaki kwa polisi na mahakama.