Umbo na Mbinu za Kishairi katika Wimbo wa Taifa wa Kenya: Athari ya Bembelezi la Wapokomo

Makala haya yanadhamiria kuchunguza umbo la Wimbo wa Taifa wa Kenya na kubainisha jinsi lahani ya bembelezi la Wapokomo ilivyoliathiri. Wapokomo ni wakulima na wavuvi wa kandokando ya Mto Tana, hadi Garsen na delta yake. Mwaka 1963, kamati ya Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi iliiteua lahani iliyotokana na wimbo ambao akina mama wa Kipokomo waliwabembelezea watoto, ikaitungia maneno ya Kiswahili. Lahani ilitangulia, maneno yakafuata. Utaratibu huu ndio ufunguo wa uchambuzi wetu.

Umbo

Wimbo huu una beti 3, kila ubeti mishororo 6. Kwa idadi hiyo ni tasdisa. Hata hivyo, mizani yake haina urari: katika ubeti wa kwanza, mshororo wa tatu una mizani 10 ilhali wa tano una 7. Vina navyo hukamilika hapa na kupotea pale. Je, utungo huu ni guni?

Jibu linapatikana tukilinganisha ubeti na ubeti badala ya mshororo na mshororo. Mshororo wa tano ndio mfupi zaidi katika kila ubeti: mizani 7, 6 na 6. Mshororo wa mwisho hurefuka tena: mizani 9, 9 na 10, tukihesabu “sta” na “kra” kuwa silabi moja moja. Urari upo, ila unatawaliwa na lahani. Palipo na pengo la silabi, mwimbaji huivuta irabu. Palipo na ziada, huharakisha. Aidha, Kipokomo na Kiswahili ni lugha za kundi moja la Sabaki, na maneno yake kwa kawaida huishia kwa irabu. Hivyo Kiswahili hakikuingia ugenini.

Mbinu

Mshororo wa kwanza wa kila ubeti huishia kwa kina “-tu”, na kila mara kina hicho hubebwa na kivumishi kimilikishi cha nafsi ya kwanza wingi. Kina kinakuwa maudhui: umoja wa wananchi. Haki imepewa istiari ya ngao, kisha ikahuishwa kuwa mlinzi. Vitenzi vya hali ya matilaba vimetawala beti zote, kwa kuwa wimbo huu ni ombi na himizo, si simulizi. Msemewa naye hubadilika: Mungu katika ubeti wa kwanza, ndugu katika wa pili, kisha umma mzima unaojihimiza kujenga taifa na kushukuru.

Hitimisho

Kigezo cha arudhi pekee kingeufanya wimbo huu uonekane wenye kasoro. Kigezo cha wimbo, yaani sauti na pumzi, kinaufichulia mpango wake. Wanafunzi wengi huyakariri majina ya wanakamati bila kuwakumbuka akina mama wa Tana, ilhali umbo wanalolichambua darasani lilianzia vinywani mwa akina mama hao. Uhakiki unaoipuuza fasihi simulizi hauwezi kulieleza umbo hilo.