HTLV-1: kirusi kinachopita mkononi mwa seli

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Wakazi wake wengi wametoka Kongo, nchi ambako HTLV-1, kirusi cha saratani ya damu, kimejulikana kwa miaka mingi. Maswali yao kuhusu kirusi hicho yanastahili majibu kamili.

Daktari, hiki ni ndugu wa VVU?

Vyote viwili huingia kwenye seli za kinga ziitwazo CD4, lakini VVU huziua, na HTLV-1 huziacha hai na kuzichochea zizaliane. Kilitambuliwa Marekani mwaka 1980, baada ya madaktari wa Japani kueleza saratani yake mwaka 1977. Wengi walio nacho hawaugui kamwe. Wachache, kama 5 katika kila 100, hupata saratani au ugonjwa wa uti wa mgongo, mara nyingi baada ya miaka mingi.

Kinaifanya nini seli kinapoingia?

Seli za kinga hufanya kazi kwa kushikana. Juu ya utando wa moja kuna molekuli ya ICAM-1, juu ya nyingine LFA-1, na zikikutana seli hizo hupeana habari. Protini ya kirusi iitwayo Tax huiamuru seli itengeneze ICAM-1 kwa wingi. Seli hiyo ikigusa nzima, hunasana nayo, nyuzi zake za ndani huelekea pale zilipogusana, na kirusi huvushwa papo hapo, kama jirani anayepitisha chungu juu ya ua bila kutoka barabarani. Watafiti wa London na wenzao walionyesha jambo hili mwaka 2003. Saratani ikishaanza, molekuli nyingine, CADM1, nayo huongezeka na kuzisaidia seli kunata kwenye kuta za mishipa na kupenya viungoni, hata ngozini.

Linalonistaajabisha zaidi ni kwamba protini nyingine ya kirusi hichohicho, p12, imeonekana maabarani ikipunguza ICAM-1 kwenye seli zilizoambukizwa, hivyo seli za ulinzi zinazoua seli zilizoambukizwa hukosa pa kushika.

Nanyonyesha. Niache?

Usiache, mama. Ni kweli kwamba kirusi kinachosafiri ndani ya seli hai hupita kwenye maziwa, kwa kujamiiana, na kwenye damu yenye seli, na kunyonyesha muda mrefu huongeza hatari kwa mtoto wa mama aliyeambukizwa. Japani huwashauri mama waliopimwa na kukutwa nacho watumie maziwa ya kopo. Siwezi kuuleta ushauri huo Dzaleka ulivyo: maji machafu na kopo lisilonunulika kila wiki humdhuru mtoto mapema zaidi. Asiyepimwa aendelee kunyonyesha.

Kipimo cha VVU kingekionyesha?

Hapana, HTLV-1 ina kipimo chake. Dawa za VVU haziiponyi. Tena mwenye virusi vyote viwili huweza kuwa na CD4 nyingi bila kinga yake kuwa imara. Idadi hiyo isimdanganye mgonjwa wala mhudumu.

Miguu ya shangazi yangu inakakamaa. Si konzo?

Konzo huja ghafla, kwa wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, kisha haiendelei. Ugonjwa wa HTLV-1 hujongea polepole: miguu hukaza, mgongo huuma, mkojo hushindikana kuuzuia. Mwaka 1990 madaktari waliripoti kundi la wagonjwa wa aina hii jimboni Equateur, Kongo.

Mpeleke kituo cha afya, omba rufaa ya hospitali ya Kamuzu Central, Lilongwe. Mwambieni daktari shangazi alizaliwa wapi, na kama aliwahi kuongezewa damu. Daktari asipoambiwa, huenda HTLV-1 isimjie akilini.