Somo la Familia: Kiumbe wa Bahari Anayepima Sindano Zetu



Mafungu ya kusoma nyumbani kabla ya somo: Zaburi 104:24-26 na Ayubu 12:7-10.

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja alinivuta pembeni pale jikoni tunapochemshia chai. Mtoto wake alikuwa na miadi ya chanjo kesho yake. Akaniuliza, "Dada nesi, wewe unafanya kazi humo ndani. Nani anajua kilichomo kwenye ile chupa?" Nilimjibu harakaharaka kwamba dawa zinapimwa, asiwe na wasiwasi. Aliitikia kwa heshima, lakini niliona hakuridhika, na alikuwa na haki. Zinapimwa na nani? Zinapimwa kwa kitu gani? Somo hili ni jibu nililopaswa kumpa siku ile, na linaanzia baharini, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka hapa kanisani.

Wengi wetu si watu wa bahari. Kuna waliotoka Uvira na Baraka, kuna wa Bujumbura, mimi ni wa Kigoma. Maji tuliyokulia ni ya Ziwa Tanganyika, ya dagaa na migebuka. Bahari niliiona kwanza nilipokwenda Dar es Salaam kusoma uuguzi. Labda ndiyo sababu tumeishi hapa miaka yote hii bila kwenda kuona kinachotokea kwenye Ghuba ya Delaware kila Mei na Juni.

Ni wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapojaa kuliko kawaida. Usiku maji yakifika juu kabisa, viumbe wenye magamba ya kahawia hupanda ufukweni kwa maelfu. Waamerika wamewapa jina la kiatu cha farasi, kwa kuwa gamba lao limepinda kama kile chuma kinachopigiliwa kwenye kwato. Kiswahili hakina jina lao lililozoeleka, kwa hiyo hapa nitasema kaa-kwato. Lakini si kaa hasa; undugu wake uko karibu zaidi na buibui na nge. Mkia wake ni mrefu na umechongoka, unatisha, ila hauna sumu wala haudungi. Anautumia kujigeuza akipinduliwa na wimbi. Jike huchimba mchangani na kutaga mafungu ya mayai, kila fungu kama mayai 4,000, huku dume, aliye mdogo kuliko yeye, amemng'ang'ania mgongoni. Visukuku vya jamii yake ni vya kale kuliko vya dinosaria.

Damu yake ni ya buluu. Yetu ni nyekundu kwa sababu hewa ya oksijeni hubebwa na kitu chenye madini ya chuma. Yake hubebwa na kitu chenye shaba. Lakini watengenezaji wa dawa hawaitafuti damu hiyo kwa sababu ya rangi.

Nikiwa mwanafunzi wa uuguzi niliona mgonjwa akitetemeka kitandani robo saa baada ya kuwekewa dripu. Meno yanagongana, homa imepanda ghafla, na hakuja hospitali na homa. Sista wa wodi hakuuliza swali hata moja. Alifunga dripu, akaniambia, "Usitupe chupa hiyo." Mgonjwa alipona, namshukuru Mungu. Baadaye alinieleza neno ambalo sijalisahau: bakteria wanaweza kuwa wamekufa wote, na maji bado yakaleta homa. Ngozi ya nje ya aina fulani za bakteria ina sumu, na wakifa sumu ile inabaki. Kuchemsha hakuiondoi. Vyombo vya kioo hukaushwa kwenye joto la nyuzi 250 kwa nusu saa ili kuiharibu, na dawa yenyewe huwezi kuifanyia hivyo.

Aliyegundua chanzo cha homa ya sindano ni mwanamke, Florence Seibert, aliyekuwa akichechemea tangu utotoni kwa sababu ya polio. Mwaka 1923 alionyesha kwamba homa ile ilitoka kwenye maji yaliyochafuliwa na bakteria, hata kama yalikuwa yamekwisha kutoneshwa. Baada ya hapo dawa zilipimwa kwa sungura. Anadungwa kwenye mshipa wa sikio, anapimwa joto kwa saa kadhaa, na akipata homa, dawa haitoki kiwandani.

Kisha mwaka 1956 daktari Frederik Bang, aliyekuwa akifanya utafiti Woods Hole huko Massachusetts, aliandika jambo la ajabu. Aliwadunga kaa-kwato bakteria, na damu yao ikaganda mwilini mote. Yeye na mwenzake Jack Levin, daktari wa magonjwa ya damu, walifuatilia hadi wakajua kwamba kinachogandisha ni ile sumu, hata bakteria akiwa hayupo. Ukifikiri, inaeleweka. Kiumbe huyu anaishi kwenye tope lililojaa bakteria. Akipata jeraha, damu inaganda papo hapo na kuwanasa wavamizi kabla hawajaenea. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuwa wametengeneza kipimo kutokana na chembe za damu yake: unachanganya na dawa kwenye kichupa, unangoja kama saa moja, unakipindua. Ikiwa kimeganda, sumu imo kupita kiasi, na dawa hiyo haimfikii mgonjwa.

Kwa hiyo, mama yangu uliyeniuliza: dripu, sindano ya insulini, chanjo, hata goti la chuma analowekewa mzee wetu, hupitia kipimo cha sumu hii, pamoja na vipimo vingine vingi. Swali lako lilikuwa swali zuri. Ayubu anawatuma rafiki zake wakaulize wanyama na samaki, kwa sababu wao walikuwa wepesi wa kujibu kuliko kuuliza. Siku ile jikoni mimi nilikuwa upande wa wale rafiki.

Gharama yake nayo tuiseme. Kaa-kwato wanavuliwa, wanapelekwa maabara, wanatolewa sehemu ya damu, kisha wanarudishwa baharini. Tume ya uvuvi ya majimbo ya pwani ya Atlantiki imekuwa ikikadiria kwamba 15 katika kila 100 hufa. Wengine huvuliwa kwa ajili ya chambo cha mikunga na konokono wa bahari. Walipungua sana, na New Jersey ikapiga marufuku uvuvi wa chambo hicho kwa sheria mwaka 2008. Pamoja nao alipungua ndege mdogo mwenye kifua chekundu anayesafiri kutoka ncha ya kusini ya Amerika hadi Aktiki ya Kanada, na hutua ghubani kula mayai hayo ili apate nguvu za kumaliza safari. Tangu 2014 yuko chini ya ulinzi wa serikali.

Njia nyingine ipo. Ding Jeak Ling na Ho Bow, watafiti wa Singapore, walitengeneza maabara kiini kile kinachoitambua sumu, bila kuhitaji damu ya mnyama. Ulaya imekiingiza kwenye vitabu vyake vya viwango vya dawa tangu 2021, na Marekani mwaka 2025. Viwanda vinabadilika taratibu mno, kwa maoni yangu.

Vijana na wazazi wanaotaka kwenda kuona, tutakwenda Slaughter Beach, Delaware, jioni ya bamvua ijayo. Jina lisiwatishe, kijiji kile kimejitangaza kuwa hifadhi ya kaa-kwato. Njooni na koti, viatu vya kulowa na tochi. Maji yakianza kupwa, wengine hubaki chali mchangani na jua la asubuhi huwaua. Mtoto akimwona wa namna hiyo, amshike pande mbili za gamba kwa mikono yote miwili na kumgeuza polepole. Asimwinue kwa mkia, unaweza kumuumiza. Majina mpeni katibu wa vijana kabla ya Jumatano ili tujue magari mangapi yatahitajika.