Barua Pepe Zisipofika: Somo kwa Anayeendesha Seva Yake Mwenyewe

Baadhi ya watumiaji wa huduma za mawasiliano, wakiwemo wenye biashara ndogo, shule na vyama vya ushirika, huamua kuendesha seva zao wenyewe za barua pepe. Uamuzi huo una faida: taarifa hubaki mikononi mwa mwenyewe, na anwani hubeba jina lake. Hata hivyo, huweza kufika siku ambapo barua zinazoingia hupokelewa vizuri, ilhali zinazotoka haziwafikii walengwa.

Tuchukue mfano wa mwenye nyumba ya wageni mjini Moshi anayetuma ankara kwa mgeni aliye nje ya nchi. Kompyuta yake humwonyesha kwamba barua imetumwa. Mgeni asipoiona, huweka nafasi kwingine, na mwenye nyumba hudhani amepuuzwa. Neno “imetumwa” maana yake ni kwamba programu imeikabidhi barua kwa seva yako. Halithibitishi kwamba seva ya mpokeaji imeikubali. Seva hiyo inapokataa barua, kwa kawaida hutaja sababu. Ndiyo maana tunakushauri usibadilishe mpangilio wowote kabla ya kuisoma sababu hiyo.

Hatua ya 1: Soma foleni na kumbukumbu za seva

Kwa wanaotumia programu ya Postfix, amri ya mailq huonyesha barua zilizokwama pamoja na sababu ya kukwama. Zingatia namba yenye tarakimu tatu katika jibu la seva ya mpokeaji. Namba inayoanza na 4 huashiria kikwazo cha muda, na seva yako itajaribu tena. Inayoanza na 5 huashiria kukataliwa moja kwa moja, na kurudia bila marekebisho hakutasaidia.

Kikwazo cha muda kisidharauliwe. Postfix isipopangwa vinginevyo hushikilia barua hadi siku 5 kabla ya kuirejesha, na katika kipindi hicho haimtahadharishi mtumaji. Zabuni inayofungwa baada ya siku 3 inaweza kupotea huku barua ikiwa bado kwenye foleni. Washa tahadhari ya ucheleweshaji, angalau ya saa chache.

Hatua ya 2: Hakikisha njia ya kutoka iko wazi

Seva hukabidhiana barua kupitia mlango namba 25. Endapo kumbukumbu zinaonyesha kwamba muunganisho umekwisha muda kwa kila mpokeaji, bila jibu lolote, inawezekana mtoa huduma wako amefunga mlango huo. Watoa huduma wengi hufanya hivyo ili kuzuia kompyuta zilizoambukizwa virusi kusambaza barua taka. Mwombe mtoa huduma aufungue, au akuelekeze kwenye seva yake ya kupitishia barua, ambayo kwa kawaida hufikiwa kwa mlango namba 587 pamoja na jina na nywila.

Hatua ya 3: Linganisha anwani ya IP na jina la seva

Seva ya mpokeaji huuliza: anwani hii ya IP ni ya nani? Jibu hutoka katika rekodi ya kinyume, ambayo hutafsiri anwani kuwa jina. Jina hilo nalo linapaswa kurudisha anwani ileile. Wengi hukwama hapa kwa sababu huitafuta rekodi hiyo kwa msajili wa kikoa, ilhali aliyekupatia anwani ya IP ndiye mwenye uwezo wa kuiweka. Kumbuka pia kwamba seva huweza kutuma kwa IPv6 bila wewe kujua. Anwani hiyo nayo huhitaji rekodi yake.

Hatua ya 4: Kamilisha vitambulisho vya kikoa

Vitambulisho hivi ni vitatu. SPF hutaja seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa chako. DKIM hutia saini ya kidijitali katika kila barua. DMARC humweleza mpokeaji afanye nini barua inapofeli uhakiki huo. Kosa la kawaida ni kuweka rekodi mbili za SPF katika kikoa kimoja. Hilo hubatilisha uhakiki wote wa SPF, kwa hiyo ziunganishe ziwe moja. Ukianza kupitisha barua katika seva ya mtoa huduma, iongeze nayo humo.

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, pamoja na rekodi ya kinyume iliyo sahihi. Kwa Gmail, anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku hutakiwa kuwa na vitambulisho vyote vitatu.

Hatua ya 5: Chunguza sifa ya anwani yako

Jibu likitaja orodha ya kuzuia barua taka, tafuta kwanza chanzo. Je, nywila ya mfanyakazi imeibwa? Je, seva inapitisha barua za mtu yeyote bila kumtambua? Foleni yenye maelfu ya barua usizozijua ni dalili ya wazi. Badilisha nywila, ziba mwanya huo, ndipo uombe kuondolewa. Ukiomba kabla ya kurekebisha, utaorodheshwa upya. Spamhaus, mojawapo ya orodha zinazotumika sana, haitozi malipo kwa kuondoa anwani, hivyo jihadhari na anayekudai ada kwa kazi hiyo. Ikiwa anwani ilichafuliwa na aliyeitumia kabla yako, omba mtoa huduma akupatie nyingine.

Nani anawajibika?

Kumbukumbu, nywila, usalama wa seva na vitambulisho vya kikoa ni wajibu wako. Mlango namba 25, rekodi ya kinyume na anwani ya IP yenyewe humhusu mtoa huduma. Kabla ya kusaini mkataba, uliza kwa maandishi kama mambo hayo matatu yamo katika kifurushi unachonunua. Vifurushi vya nyumbani, ambavyo anwani yake hubadilika mara kwa mara, kwa kawaida havifai kwa seva ya barua.

Mtoa huduma asipotekeleza alichoahidi, wasilisha malalamiko kwake kwanza, ukiambatisha mistari ya kumbukumbu yenye tarehe, saa na namba ya jibu. Tunza namba ya lalamiko lako. Usiporidhika, yalete kwa Mamlaka pamoja na vielelezo hivyo. Lalamiko lenye vielelezo hushughulikiwa kwa urahisi kuliko lile linalosema tu kwamba “barua haziendi”.

Wakati marekebisho yakiendelea, usitegemee barua pepe peke yake kwa jambo lenye tarehe ya mwisho. Mpigie mpokeaji simu, umwombe atazame pia folda ya barua taka, nawe uthibitishe kwamba ameipata.