Jasho la Mpanda Baisikeli

Wakati wa kaskazi, tangu Desemba hata Machi, joto la Dar es Salaam hupita nyuzi 30, na hewa ya pwani huwa nzito kwa unyevu. Hata hivyo watu wengi wa Temeke na Kinondoni hupanda baisikeli kila siku: huyu achukua mikate, yule samaki kutoka Feri, na mwingine gunia la mkaa kutoka upande wa Kisarawe. Miguu ya mtu huyo ndiyo duka lake. Akianguka njiani kwa joto, nyumbani hakupikwi. Basi leo twaona yafaa tujifunze jinsi mwili unavyojipoza.

Wengi hulaumu jua peke yake. Lakini mwili wenyewe ni tanuri: katika nguvu anazotumia mpanda baisikeli, kama robo moja tu husukuma pedali, na robo tatu hugeuka kuwa joto. Joto hilo sharti litoke, na mlango wake mkubwa ni jasho. Tena tuangalie sana: jasho halipozi kwa kutoka, bali kwa kukauka. Lita moja ya jasho ikikaukia mwilini huondoa joto linalotosha kuchemsha yapata lita 8 za maji ya nyuzi 30. Lakini jasho linalodondoka chini halikuondoa kitu. Ni maji yaliyopotea bure.

Kinachosaidia jasho kukauka ni upepo. Kwa sababu hiyo mtu akiwa mwendoni huona nafuu, na akisimama jasho humtiririka mara moja. Tuchukue mfano. Mtu wa Mbagala arudiye kwake alasiri kwa Barabara ya Kilwa huelekea kusini, na upepo wa kaskazi humfuata mgongoni. Baisikeli huwa nyepesi, naye hufurahi. Lakini upepo ukienda sawa na mwendo wake, kwake yeye ni kama haupo, na jasho halikauki. Mtu arudiye Tegeta kwa Barabara ya Bagamoyo hupigwa na upepo usoni. Hutaabika kukanyaga, lakini jasho lake hukauka. Kwa hiyo upepo ukiwa mgongoni, usidanganywe na wepesi. Punguza nguvu, nalo joto litapungua.

Mambo mengine ya kushika ni haya:

1. Mwenye mzigo mzito na aondoke alfajiri, apumzike tangu saa 5 hata saa 9. Akifika mlimani ashuke, asukume polepole.

2. Vaa nguo ya pamba, nyeupe na pana kiasi, isiyofika kwenye mnyororo.

3. Kunywa maji kidogo kidogo kabla kiu haijakushika. Aliyetoka jasho jingi amepoteza na chumvi. Chakula chenye chumvi humrudishia.

4. Lowesha shati na kitambaa cha shingoni. Maji hayo hufanya kazi ya jasho bila kuupunguzia mwili maji yake.

5. Ukikaribia mwisho wa safari, nenda polepole, kisha simama kivulini penye upepo. Sisi makarani tuna kosa letu: twakimbilia ofisini tusichelewe, na shati lililokuwa kavu barabarani hulowa mbele ya meza.

Mtu akishikwa na kizunguzungu, kichwa kikimwuma au akichefuka, na ashuke upesi. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akizimia, hiyo ni hatari ya kufa. Mpelekeni kivulini, mvueni shati, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha, huku mkitafuta njia ya kumfikisha hospitali. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Wako wanaoona haya kupumzika, wasije wakaitwa wavivu. Ndugu zetu, mkaa uliochelewa saa moja bado wauzika. Mtu akipotea hanunuliki.