SOMO LA KIKUNDI: Maisha Yanapogeuka Ukubwani



Mwezi huu tunaweka kando habari za kuku na mikopo. Tuanze na kosa letu wenyewe.

Katika kikundi kimoja tunachotembea nacho hapa Kaptembwo, mama mmoja alikosa mikutano mitatu mfululizo. Katiba ya kikundi inasema faini, basi tukamwandikia faini. Tulipoenda kumwona mwishowe, tulimkuta amelala saa nane mchana, jiko halijawashwa. Mumewe alifariki mwaka uliotangulia, na kitinda mimba wake alikuwa amehamia Nairobi kutafuta kazi. Akatuambia, "Sioni sababu ya kuamka."

Wakati wa mazishi tulichanga vizuri sana: turubai, viti, jeneza. Baada ya hapo hakuna aliyerudi kumwuliza analala vipi.

Ni mabadiliko gani?

Mtumishi wa serikali anastaafu akiwa na miaka 60. Wa kiwandani anaweza kupewa barua mapema zaidi. Watoto wanaondoka nyumbani. Mama hedhi inakoma. Wazazi wanazeeka na kuhitaji kulishwa. Mwenzi anafariki. Mwingine amepanga chumba mjini miaka 30. Sasa anarudi ushago na anajikuta mgeni kwao.

Kuhuzunika si dhambi wala udhaifu. Lakini tuwe macho huzuni ikipita wiki mbili na mtu halali, hali vizuri, anajitenga, anakasirika ovyo, anazidisha pombe, au mwili unamuuma na hospitali haioni ugonjwa. Huyo anahitaji msaada, kama vile mwenye malaria anavyohitaji dawa.

Jirani zetu wa Uganda

Wengi husema ushauri nasaha ni mambo ya wazungu au ya matajiri. Tuangalie Masaka na Rakai, sehemu za Uganda zilizopoteza watu wengi kwa Ukimwi. Wenyeji walikuwa na majina yao ya huzuni hii kwa Kiganda, mojawapo likimaanisha kujichukia. Mwaka 2002 vijiji 30 viliingia katika utafiti. Katika vijiji 15, wenye huzuni nzito walikutana kwa vikundi, wanaume kwao na wanawake kwao, mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16. Viongozi hawakuwa madaktari, bali watu wa eneo hilo waliofunzwa.

Mwanzoni, watu 86 kati ya kila 100 walikuwa na huzuni nzito. Mwishoni walibaki kama 7. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi hivyo, zaidi ya nusu walikuwa bado wanaumwa.

Walizungumza nini? Kwa mtu ambaye maisha yake yamegeuka, maswali ni kama haya: Umepoteza nini? Ni nini bado unacho? Maisha haya mapya yanakutaka ujifunze nini? Nani anaweza kukusaidia? Mtu analia kwanza kilichopotea, halafu pole pole anaanza kuona njia.

Kikundi chetu kifanye nini?

1. Asiyekuja atembelewe kwanza. Mambo ya faini yangoje.

2. Tusikilize. Tusikimbilie kusema "vumilia" au "kuna waliopata makubwa zaidi." Na tunayoambiwa yasifike kisimani.

3. Tujue mwisho wetu. Sisi si madaktari. Tumsindikize mwenzetu kwenye kituo cha afya, au kwa idara ya afya ya akili katika hospitali kuu ya Nakuru, ile tunayoiita PGH. Tusimwambie tu "nenda", twende naye. Na anayetumia dawa aendelee kusali, na anayesali asiache dawa.

4. Akisema anataka kufa, tusimwache peke yake hata kidogo. Tuondoe dawa za shamba na kamba karibu naye, na tumfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana simu ya bure, 1199. Zamani watu walificha mambo haya wakiogopa polisi, kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Basi tusifiche mgonjwa.

Neno la kutafakari

Someni pamoja Kitabu cha Ruthu, sura ya 1. Naomi amefiwa na mume na wana wawili ugenini. Anarudi kwao na kuwaambia wanawake wamwite Mara, yaani mwenye uchungu. Ruthu hakumpa hotuba. Alitembea naye.

Yule mama wetu alienda kliniki, na tulikuwa tukimsindikiza kwa zamu. Faini tuliifuta. Siku hizi anakuja mkutanoni, na kuna siku haji. Siku hizo sisi ndio tunaenda kwake.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nani katika kikundi chetu amestaafu, amefiwa au amebaki peke yake mwaka huu? Nani amemtembelea?

2. Kwa nini wanaume wetu huona haya kusema wamelemewa? Tuwasaidieje?

3. Katiba yetu inasema nini juu ya asiyekuja mkutanoni? Je, tuibadilishe?